Tope Lilikuwa na Joto

Wafula mwanangu,

Umeenda Kimilili kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hajakulisha jogoo mzima, kwa hivyo nina mchana wote peke yangu. Mama yako amenifukuza jikoni. Anakukaangia njugu za safari, na kila nikionja anadai nimemaliza nusu. Nimetoa kiti nikakaa kando ya ghala kwenye kivuli. Daftari hili ninaloandikia ni la mwanao Simiyu, ambaye ametumia ukurasa mmoja tu kuchora ng'ombe mwenye miguu sita. Akiuliza, mwambie babu aliazima.

Sitakuambia uvae sweta kwenye ndege wala mahali pa kuficha pasipoti. Hayo mama yako amekuimbia tangu Jumapili, na kesho atayarudia mpaka mlango wa gari ufungwe. Mimi nina jambo moja. Nimelikalia miaka kumi na miwili, na mara nyingi nimejaribu kulisema kwa mdomo. Juzi tulipokuwa tukivunja madongoa pale juu, nilisimama, nikaegemea jembe, nikasema, "Wafula." Ukasema, "Naam, Baba." Nikasema, "Lete maji ya kunywa." Basi hivyo ndivyo nilivyo. Kwa kalamu labda nitafika.

Nitaandika hata mambo unayoyajua, kwa sababu nataka siku moja Simiyu naye asome, na yeye hajui chochote.

Kilichonifanya nichukue daftari ni ile picha. Umepata kazi ya kuendesha mashine ya kuchimba mitaro huko Sierra Leone, na sote tumefurahi. Mama yako ametangaza kanisani, mimi nimetangaza Kabuchai yote mpaka sokoni Myanga. Kisha jana jioni ukanikalisha hapa hapa, ukanionyesha kwenye simu mahali utakapofanya kazi. Niliona bonde. Sijaona bonde la kijani namna ile tangu nikiwa mtoto. Maji yamesimama kati ya majani, michikichi iko pembeni, na mwanamke mmoja ameinama, sijui anapanda mpunga au anachota. Katikati ya hayo maji kulikuwa na vijiti vilivyofungwa vitambaa vyekundu, vimepangwa mstari.

"Hizi vitambaa ni za nini?" nikauliza.

"Si ni alama, Baba. Mahali mashine itapita. Hii yote unaona saa hii ni maji. Tukimaliza hapa ni shamba safi bana."

"Na huyu mama?"

"Mama gani?" Ukaikuza picha kwa vidole. "Ah, huyo. Hiyo ni maneno ya ofisi."

Nikakurudishia simu, nikasema ni nzuri, nikaingia ndani. Ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nimeogopa.

Acha nikupeleke Kitale kwanza. Kabla hujazaliwa niliendesha trekta kwenye shamba kubwa la mahindi upande ule. Katikati ya shamba palikuwa na kinamasi, na kila msimu trekta lilikwama pale, tukashinda tunachimbua magurudumu kwa majembe huku tajiri akitutukana kutoka kwenye gari lake. Mwaka mmoja akachoka. Tukapanda mikaratusi kinamasi kizima, mstari kwa mstari. Ile miti ilikunywa! Ilipofika urefu wa nyumba, nilipitisha trekta pale katikati ya mvua za Mei na magurudumu yakatoka makavu. Tulipiga makofi, Wafula, na mimi nilipiga kuliko wote. Vyura waliokuwa wakitupigia kelele jioni sikuwasikia tena, na sikuuliza wameenda wapi.

Sasa hapa ndipo sina pa kujificha. Mtu mwingine anaweza kusema hakujua mti huu unafanya nini. Mimi nilijua. Niliuona kwa macho yangu ukikausha kinamasi, kisha nikachukua miche yake, nikaitia kwenye katoni ya mkate, nikaileta nyumbani na kuipanda kuzunguka chemchemi yetu.

Kwa nini pale? Kwa sababu udongo ulikuwa laini, jembe linaingia lenyewe. Kwa sababu penye maji mti hukua haraka, na watu wa nguzo za stima walikuwa wakinunua. Kwa sababu nilikuwa kijana aliyetoka Kitale na nilijiona nimeona dunia. Nyanya yako aliteremka na mtungi wake akanikuta nimepiga magoti.

"Hapo si pa miti, Wekesa. Hapo ni pa maji. Peleka kule juu kwa mawe."

"Mama, hii maji ilikuwa hapa hata kabla ya babu. Ati miti kumi na mbili itaimaliza?"

"Mimi sijui mambo ya kumaliza. Najua hapo ni pa maji."

Alijaza mtungi akapanda juu.

Haya, mabati ya nyumba uliyolelewa yalitoka kwa ile miti. Sitakudanganya kwamba haikutufaa. Nilikata, ikachipuka, nikakata tena. Majirani wakaona, nao wakapanda kwao. Kule juu, palipokuwa na kichaka cha ukoo, watu wakafyeka wakaweka miwa. Chemchemi haikufa siku moja. Ingekufa siku moja, ningeamka. Zamani mtungi ulijaa ukimsalimia jirani. Baadaye ukawa unahitaji kumsikiliza na habari zake zote. Kisha kina mama wakaanza kuja na vikombe vya kutekea, na mwishowe wakaacha kuja. Walipita nje ya boma letu na madumu wakielekea kwenye kisima cha shule.

Sasa Simiyu, kama ni wewe unayesoma, ngoja nikueleze. Kijana wa kwetu hapashwi tohara hivi hivi tu. Alfajiri ya Agosti, katika mwaka wa tohara ambao huja kila baada ya miaka miwili, anapelekwa penye maji, anavuliwa nguo, anapakwa tope kutoka utosini mpaka nyayo, kisha anarudishwa nyumbani kwa njia nyingine akiimbiwa, na anasimama uani mbele ya watu wote. Hatikisiki. Hafumbi jicho. Jinsi atakavyosimama dakika ile ndivyo atakavyotajwa maisha yake yote. Na tope si pambo. Tope la chemchemi wakati ule linauma kwa baridi. Likikushika, mwili unakufa ganzi, husikii hata miguu yako. Mimi nilipakwa pale pale kwetu, na kisu nilikiona zaidi ya kukisikia. Wazee walijua walichokuwa wakifanya.

Mwaka wako ulipofika, Wafula, pale pa tope palikuwa pakavu. Palikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Baba yako mdogo Barasa alinijia wiki moja kabla.

"Wekesa, peleka huyu kijana mtoni kwa akina mjomba wake. Tope iko, baridi iko."

"Mtoto wangu atapakwa mahali mimi nilipakwa."

"Atapakwa nini? Vumbi?"

"Wachana na mimi bana."

Angalia hicho kiburi. Kukupeleka kwenye tope la watu wengine ilikuwa sawa na kusimama sokoni nitangaze kwamba mimi ndiye niliyeua maji. Sikuweza. Basi mchana wa siku ya mwisho, wewe ukizunguka kwa jamaa ukiwaalika kwa kengele za mikononi, kama afanyavyo kila anayetahiriwa, nilileta madumu manne ya maji kutoka kisima cha shule kwa baiskeli. Nikayaficha mahali ambapo hakuna mgeni angechungulia, jikoni, nyuma ya kuni, chini ya magunia. Kisha nikateremka na jembe nikavunja ule udongo uwe tayari. Nilijipongeza kweli kweli.

Sikufikiria moto. Jikoni mle walipikiwa wageni wote wale. Masufuria hayakushuka mekoni mpaka alfajiri, na madumu yangu yalikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Nilitangulia nayo chemchemini, nikamimina, nikakanyaga kwa miguu. Kwa macho lilikuwa tope. Mzee Makokha, aliyekuwa akipaka vijana wote wa kijiji chetu, aliingiza mkono akautoa upesi.

"Hii tope iko na joto."

"Paka tu, mzee."

"Wekesa. Tope gani iko na joto?"

"Watu hao wanakuja. Paka."

Ukafika, ukasimama mbele yetu, upepo unakutetemesha. Lile tope lilipokugusa nilikuona ukishangaa. Ulikuwa umejiandaa kwa baridi na hukuipata. Ulinitazama mimi, labda ukidhani ndivyo inavyokuwa, na mimi baba yako nikatazama chini.

Uani ulisimama vizuri. Watu wanasahau hilo. Mikono juu, macho kwenye paa. Ila mwili wako wote ulikuwa macho, kila mahali, kwa sababu mimi niliuacha hivyo. Goti lako la kushoto lilikunjika mara moja, likanyooka. Mara moja tu. Vigelegele vikakatika. Nyuma yangu nikasikia mwanamume akisema, "Huyu ametingisika," na sikugeuka.

Hukutingisika wewe, Wafula. Ni mimi. Ningesema pale pale yangeisha. Ningesema, jamani, hilo tope nililichanganya na maji ya jikoni. Wangenicheka wiki mbili, wakaja wakachoka. Badala yake wamekucheka wewe miaka kumi na miwili, na mimi nimekula nao kwenye harusi na matanga bila kufungua mdomo. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini nimeisoma tena na ni kweli.

Makokha alizikwa mwaka juzi na hakuwahi kumwambia mtu. Nilibaki peke yangu ninayejua, na sasa tuko wawili.

Usidhani sijaona. Unakuja nyumbani ule mwaka tu ambao hakuna tohara. Mwaka wa tohara ukifika, kazi zimekuzidi Kitale, mara mashine imeharibika, mara barabara imekatika. Vijana wa rika lako wakikutana, wewe una safari. Mwaka huu ni wa tohara tena, na Agosti utakuwa Sierra Leone. Mama yako anaamini umechagua kazi ya mbali kwa sababu ya mshahara. Mimi nakaa kimya, kama kawaida yangu.

Ile miti niliikata yote mwezi ule ule. Kila kisiki kikatoa machipukizi matano. Nikakata tena, nikachoma, nikamimina mafuta machafu ya gari, na mwaka uliofuata machipukizi yalikuwa yamenipita kimo. Bwana shamba alikuja, kijana mpole mwenye viatu safi, akazunguka akaniambia visiki ving'olewe na mashine.

"Na maji itarudi?" nikamuuliza.

"Mzee, siwezi kukudanganya. Huko juu yote ni miwa na hiyo miti yenu. Na maji inaanzia huko."

Mashine ya kung'oa visiki ndiyo hiyo unayoiendesha wewe. Mara ngapi nimetaka kukuomba uje nayo hata siku moja! Lakini ungeniuliza mbona nina haraka hivyo na visiki, na ningelazimika kukujibu. Basi vipo pale, majani mabichi mazuri, ukipita barabarani utadhani ni baraka.

Leo asubuhi mlipokuwa mkinywa chai nilishuka tena na jembe. Sijui nilitaka nini. Nafikiri nilitaka nikuonyeshe unyevu kidogo kabla hujaondoka. Nilichimba mpaka kiunoni nikapata mizizi na udongo mkavu. Nikafukia, ng'ombe wasije wakavunjika miguu. Mvua ya Machi nayo bado tunaingoja. Shamba tumeshavunja, mbegu ziko ghalani hapa nyuma yangu, na mawingu yanakuja mpaka Mlima Elgon yanasimama huko huko. Zamani ningekutajia wiki ya kupanda nikiwa nimefumba macho. Sasa ukiniuliza nitakutuma kwa Barasa, na Barasa atakurudisha kwangu.

Kwa hivyo sina la kukufundisha kuhusu ardhi. Sikuambii usiende. Mkeo Nanjala na Simiyu wanabaki hapa na sisi, na shamba hili haliwezi kuwalisha bila wewe kwenda. Wala sikuambii ukatae kuwasha mashine. Ukikataa watamwita mwingine kesho yake, na wewe utarudi ukae na mimi kando ya ghala tuangalie mawingu. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu jana na kila upande nakuta ukuta.

Lakini yule mama kwenye picha hanitoki. Ukifika, kabla ya kazi kuanza, nenda ukamsalimie yeye au mwingine kama yeye. Muulize pale penye vitambaa vyekundu wao huchukua nini. Akisema mpunga, usiondoke, muulize na kingine. Kama mtu wa ofisi angekuja kwetu na karatasi zake zamani zile, akatuuliza chemchemi ni ya nini, tungemwambia ni ya kunywa, kufua na kunyweshea ng'ombe. Nani angemwambia tope? Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba tope linaweza kwisha.

Sijui utalifanyia nini jibu lake. Pengine hutaweza kitu. Pengine utasogeza mtaro hatua kumi na msimamizi wako asigundue. Natamani tu ujue kabla, kwa moyo wote, maana mimi nilijua nikajifanya sijui.

Na huyu Simiyu. Jana aliniuliza kwa nini watu wanapaita kwetu Chemchemi na hakuna maji. Nikamwambia maji yamelala. Huo nao ni uongo, nimeuongeza juu ya ule wa kwanza. Mwaka wake utakapofika sijui kama nitakuwepo. Mpeleke kwenye tope la baridi popote lilipo, hata kama ni la watu tusiowajua, na usione haya kuomba.

Nimewaza pia kwamba Agosti, watu watakapojaa uani kwa Barasa, niombe nafasi nisimame niwaeleze yote. Nasema hivyo sasa nikiwa peke yangu na daftari la mtoto. Nikiwa mbele yao, siwezi kukuahidi.

Nasikia mama yako ananiita nije nionje njugu, kumbe ananihitaji. Barua hii nitaikunja niiweke chini kabisa ya hizo njugu, ili usiifikie ukiwa bado karibu. Ndiyo, ni woga. Umeshanizoea.

Kwa hivyo utakapokuwa ukisoma, kesho itakuwa imepita. Utakuwa umeshatoka ndani na begi lako, majirani wamejaa uani kama siku ile, na umekuja kunipa mkono. Nimepanga kusimama wima. Nimepanga kuangalia paa. Kama uliona goti langu likikunjika, mwanangu, haikuwa uzee.

Baba yako,
Wekesa